Kioo cha Upande wa Mama

Kijana aliyekuja kununua gari la marehemu baba alilizunguka kwa mapenzi, akilipapasa boneti kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Alitoka Syokimau, na viatu vyake vyeupe vilikuwa vimeshaliwa na udongo wa Kalama kabla hajafika ghalani tulikolificha gari lile miaka yote. Alisifu kila kitu: usukani wa mbao, viti viwili vya ngozi, hata paa la turubai lililotobolewa na panya. Alipofika mlango wa kushoto akakunja uso. Akaniambia kwamba hiki kioo hakikuwa cha hii gari, auntie, kwamba gari za michezo za zamani hizo zilitoka kiwandani na kioo kimoja tu, cha dereva, na wenzake wa magari ya kale wakiona cha pili watamcheka. Akatoa bisibisi. Skrubu zilikuwa zimekamatwa na kutu, akazilazimisha mpaka zikalia, kioo kikatoka. Akanipa mkononi, akasema nikitupe ama niwape watoto wachezee.

Nilisimama nacho pale uani. Kilinuka kutu na raba kuukuu, na harufu hiyo ikanirudisha mbali. Loo, mtoto wa watu! Angejua ni nani aliyekishika kioo kile siku kilipopimwa, asingesema wapewe watoto.

Gari lile baba alilinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la matunda kule Mua aliyekuwa anahama. Lilikuwa chini sana, kiasi kwamba akina mama wa kanisa waliobahatika kulijaribu walisema kuingia ndani ni kama kuchuchumaa chooni. Watu walilibatiza Kavaluku, yaani sungura, kwa vile lilivyorukaruka kwenye mawe ya njia yetu. Mtu mwenye akili zake asingenunua gari la namna ile akaenda kuishi nalo Kalama, lakini baba hakununua gari la kubebea mizigo. Alinunua gari la kuonekana. Na alionekana kweli, na miwani yake myeusi asiyoivua hata mvua ikinyesha, na kiwiko nje ya dirisha. Watoto walikimbia nyuma yake wakila vumbi, naye hakuwahi kuwapungia mkono.

Mimi nilikaa nyuma ya viti, mahali pasipo kiti, magoti yakinigusa kidevu, katikati ya mifuko ya mbegu. Baba alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo mjini, na kila asubuhi walikwenda wote wawili, mama na yeye, wakinishusha shuleni njiani. Dukani mama ndiye aliyejua ni mkulima gani mbuzi wake wanaharisha na ni nani kuku wake wamekufa. Barabarani alikuwa na kazi nyingine, kusema kushoto.

"Kushoto hakuna," alisema tukifika njia panda. Kushoto kuna punda. Kushoto kuna mama na mtungi. Aliyasema kwa sauti ileile siku zote, ya mtu anayekariri, na baba aliendesha kwa maneno hayo bila hata kugeuza shingo. Mimi nilidhani ndivyo watu waliooana wanavyoendesha magari. Kanisani kwetu wanaume waliketi kulia na wanawake kushoto, kwa hiyo nikaona ni mpango uleule wa Mungu, kwamba kulia ni kwa baba na kushoto ni kwa mama.

Nyumbani pia kushoto kulikuwa na mambo yake. Kikombe cha baba kiliwekwa mkono wa kulia. Mgeni alikalishwa kulia. Siku moja nilimletea maji ya kunawa nikitokea kushoto, akashtuka, akanipiga kofi hata beseni likaniponyoka, akauliza ni mwizi gani anayemnyemelea. Nikajifunza kwamba kushoto ni utovu wa adabu. Mtoto hupewa kipande cha jambo akajimalizia mwenyewe.

Mama akichelewa kusema, hata kidogo tu, baba alisimamisha gari, akainamia upande wake, akamfungulia mlango. "Shuka," alisema, basi. Mama alishuka na kiondo chake, kikapu cha mkonge, akatembea hadi mjini, na akifika dukani alinawa vumbi miguuni akaanza kuhudumia watu. Mimi nilibaki nyuma, kiti cha mbele kikiwa kitupu, maana hakuniruhusu kukikalia. Siku hizo baba aliendesha polepole mno, akipiga honi kila kona. Nilidhani amejuta anamsubiri mama. Nilimpenda kidogo kwa ajili hiyo, Mungu anisamehe.

Kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote pale nyumbani: mwanamke habishani na mume mbele ya watu. Mama aliivunja mara moja. Baba alikuwa akimuuzia mzee mmoja dawa ya kupe na kumpa vipimo vya uongo, mama akamsahihisha mzee akisikia. Kesho yake baba alimpakia mama kwenye Kavaluku akampeleka kwao Kivaa, akamwacha, kwamba wamfunze upya. Babu yangu wa huko, mtu mpole wa shamba la ndengu, alilazimika kutoa mbuzi wa kuomba radhi. Na nyanya, mbele ya wazee wote, alimwambia binti yake kwamba mume akisema ndiyo mbele ya watu, basi ni ndiyo, hata kama wewe unajua ni hapana. Mama aliinama akasema amesikia. Mama yangu ni mtu ambaye akisema amesikia, amesikia.

Kisha akaja Mwende. Alihamia Mumbuni kufundisha, na kanisa likampa kwaya. Alikuwa mfupi, mweusi wa kupendeza, na sauti yake ilipanda juu hata wazee waliokuwa wakisinzia wakafumbua macho. Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akiimba hata wimbo wa kitabuni, alianza kuvuma puani akinyoa ndevu. Nilifurahi nikidhani ameokoka.

Ni majuma hayohayo baba alisema gari linahitaji kioo upande wa kushoto. Mama alikuwa anamimina chai. Alimimina mpaka kikombe kikafurika kwenye meza. Baba akamwita mjinga, mama akachukua kitambaa akapangusa.

Tulikwenda kwa Fundi Swaleh, nyuma ya soko. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilitufanya tuone aibu kufungua midomo. Alikagua mlango akasema gari lenyewe halikuumbwa nacho, ila mwenye mali akitaka, atatii. Alikuwa na kioo cha duara, chenye mgongo wa kung'aa, alichokitoa kwenye pikapu iliyoanguka. Akatueleza kwamba kioo cha kushoto hupimwa watu wakiwa ndani. Dereva akae pake, abiria akae pake, maana bega la abiria linaweza kukiziba, halafu mtu wa tatu akishikilie nje na kukisogeza mpaka dereva aseme anakiona. Hapo ndipo huchorwa kwa chaki, ndipo hutobolewa. Alisema tupime vizuri, kwani bati likishatobolewa limetobolewa.

Mama akaingia kwenye kiti chake. Baba akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ni mrefu," akasema. "Shuka. Nduku, njoo ukae wewe."

Jamani, furaha niliyoipata! Kiti kilikuwa bado na joto la mama. Miguu yangu haikufika chini, na ngozi ilinikwaruza mapaja, na nilijiona malkia. Baba alinitazama kichwani, akatikisa kichwa, akachukua gunia, akalikunja, akaniambia nilikalie. Akatazama tena. Akalikunja mara nyingine. Kisha akaweka kiganja hewani juu ya nywele zangu akamwambia fundi kichwa kitafika hapo. Mimi nilidhani anakadiria nitakavyokua. Nilijinyoosha ili nisimwangushe. Fundi Swaleh alimtupia mama jicho moja, halafu akawa na shughuli nyingi ghafla na waya wa drili.

Mikono ya fundi ilikuwa imejaa, kwa hiyo kioo akapewa mama akishikilie. Nakumbuka uso wake dirishani, karibu kabisa na wangu, ukiwa hauna kitu. Alikisogeza mbele, akakisogeza nyuma, kama alivyoambiwa.

"Baba Nduku," akauliza, "unakiona?"

Baba alikuwa ameshika usukani, miwani usoni, shingo imenyooka. "Nakiona."

Mama hakukiachilia. Alisubiri, mpaka fundi naye akainua uso. "Unakiona vizuri?"

"Nimesema nakiona. Ama unataka kubishana na mimi mbele ya fundi?"

"Hapana," mama akasema. "Kama unakiona, ni sawa."

Chaki ikazunguka, drili ikalia, unga wa bati ukamwagikia viatu vya mama. Mimi nilikuwa nimemtazama baba wakati wote huo. Hakugeuza kichwa hata chembe, na nikawaza kwamba baba yangu ni hodari sana, anaona bila kutazama.

Jumapili nilivaa gauni langu la manjano, nikawahi, nikaketi kiti cha mbele na mikono mapajani. Baba alipofika aliuliza ni nani ameniambia nikae hapo. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba kioo kilipimwa na mimi. Alicheka. Alicheka mpaka akaingiza kidole chini ya miwani kupangusa machozi, kisha akanivuta kwa sikio akaniweka chini kama kuku wa kuuzwa. Kicheko hicho alikitoa tena dukani kwa wateja kwa muda mrefu, akiniigiza nilivyosema, na sikio langu likawa linawaka moto kila mara.

Tulikwenda kanisani kwa miguu, mama na mimi. Tulipofika getini Kavaluku lilikuwa limefika kabla yetu, na Mwende alikuwa anashuka upande wa kushoto, akijishika sketi ya kwaya. Kabla hajashuka kabisa niliona kichwa chake juu ya mgongo wa kiti. Kilifika palepale nilipofika mimi kwa fundi, gunia limekunjwa mara mbili. Mama alikaza leso kiunoni akaingia, akakaa kushoto na wanawake wenzake. Walimpisha nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

Tangu hapo mama hakuenda dukani tena. Mwende alishika kaunta saa za jioni akitoka shuleni, akiwauzia watu dawa ya minyoo mbuzi wao wakiumwa na kupe. Mama alipalilia mbaazi. Hakulia nikamwona, hakumlaani mtu nikasikia. Kikombe cha baba aliendelea kukiweka mkono wa kulia. Nilimchukia kwa hilo. Nilitaka ammwagie ile chai.

Mwanzoni baba aliendesha polepole na kupiga honi kila kona, lakini Mwende alimwambia watu wanawacheka, gari la mbio linaenda kama mkokoteni. Basi akakanyaga mafuta. Alasiri moja wakitoka mjini kwenda Mumbuni, lori la mchanga lilitaka kuwapita kwa kushoto, juu ya changarawe, kama yanavyofanya malori hayo kila siku. Mwende alikuwa ameweka kiwiko nje ya dirisha, mkao aliojifunza kwa baba. Aliliona lori, kwa sababu baadaye alisema aliliona, lakini hakusema kitu. Kwa nini aseme? Dereva ana kioo. Baba akakata kushoto.

Baba hakuchubuka. Kioo kilijikunja kikapata mkwaruzo mgongoni. Mkono wa Mwende ulikatwa juu ya kiwiko.

Fundi Swaleh alikuja mwenyewe nyumbani kutueleza. Alikuwa amekinyoosha kioo na kukikalia kiti cha dereva kupima, na alisema lori zima lingeonekana mle ndani, halikuwa na pa kujificha. Alitikisa kichwa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akimtazama mama, akingoja. Mama akamkaribisha chai.

Siku ya pili yake mama alipika muthokoi, ule mchanganyiko wetu wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akautia kwenye kiondo, akanishika mkono twende hospitali. Mwende alikuwa amelala kitanda cha ukutani, mdogo, bendeji imeishia mahali pasipofaa kuishia. Kwao hawakuwa wamefika bado. Baba hakuwa amekwenda, na hakwenda kamwe. Mama aliketi kitandani akamlisha kwa kijiko, pole pole, akimpangusa mdomo kwa ncha ya leso. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha hata kuugua wakitazama. Mmoja alisema kwa sauti kwamba huu ni moyo wa Kikristo, kwamba yeye asingeweza.

Sahani ilipoisha mama aliinama karibu na sikio la Mwende.

"Pole, mwiitu," akamwambia, yaani binti. "Kwani hakukuambia? Jicho lake la kushoto halioni. Liliingia cheche akinoa jembe, huyu hajazaliwa. Mimi ndiye nilikuwa jicho. Nilidhani amekuambia."

Mwende alikuwa bado na tonge la mwisho mdomoni. Hakulitafuna, hakulitema. Machozi yalishuka yakaingia masikioni, na alijaribu kuyafuta na mkono ambao haukuwepo. Mama alisuuza sahani bombani, akairudisha kwenye kiondo, tukaenda zetu.

Njiani nilitembea nikipanga upya maisha yetu yote: kikombe, beseni, wageni wa upande wa kulia, honi za kila kona, miwani ya kwenye mvua. Na shingo ile iliyonyooka, huku kioo kikiwa upande ambao kwake palikuwa giza tupu. Ili akione ingembidi ageuze uso mzima kama kuku anayetazama punje, na asingegeuza, maana fundi angejua. Nilimtazama mama nikaogopa kumuuliza. Ndiyo mara ya kwanza kumwogopa mama kuliko baba.

Mwende alichukuliwa na ndugu zake, na kwaya ikapata mtu mwingine. Hakuwahi kunifanyia ubaya wowote, nasema ukweli. Aliwahi kunipa peremende.

Gari liliponyooshwa baba alilileta mlangoni asubuhi moja, akafungua upande wa kushoto, akasema, "Ingia." Hakusema samahani, hilo neno hakuzaliwa nalo. Mama alinawa mikono, akavua leso ya shamba, akachukua kiondo akaingia. Baba akataka kuking'oa kioo. Mama akamwambia akiache, kinapendeza. Na kikabaki.

Nami nikarudi kwenye pango langu nyuma ya viti, na humo nikaona ukatili ambao hata leo sijui niuite jina gani. Tulifika njia panda, baba akasimama. Mama akanyamaza. Baba akangoja. Mama akatazama mashamba, akajipangusa kitu kwenye sketi, na hapo tu ndipo akasema, "Kushoto hakuna." Baba hakuondoka. "Kweli?" akauliza. Mama hakurudia. Jasho lilimtoka baba likashuka shingoni mpaka kwenye kola, na mimi niliyekuwa nyuma nililiona tone kwa tone. Ilikuwa hivyo kila njia panda, kila siku, miaka. Hakuwahi tena kumwambia shuka. Mama hakuwahi kumdanganya hata siku moja, na baba hakuwahi kumwamini hata siku moja, mpaka mwishowe akashindwa, akalisukuma Kavaluku ghalani akalifunika turubai, akawa mtu wa kutembea na fimbo. Nilifurahi, sitadanganya. Nilimwonea huruma pia, na hivyo viwili vilikaa ndani yangu pamoja bila kusalimiana.

Nilikipeleka kioo kwa mama. Alikuwa mlangoni pa jikoni akipepeta ndengu, miguu imenyooshwa kwenye jua, maana siku hizi magoti yanamsumbua. Ng'ambo ya ua kijana wa Syokimau alikuwa akiwaelekeza watu wake jinsi ya kulivuta gari. Mama alikipokea, akakitemea mate kidogo, akakipangusa kwa leso, akajitazama.

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama, kwa woga wa mtoto, mtu mzima mimi, mwenye watoto wakubwa. "Siku ile kwa fundi. Ulijua hakioni?"

Alikigeuza akatazama ule mkwaruzo wa mgongoni.

"Nilimwuliza mara mbili," akasema. "Fundi akisikia, na wewe ukisikia. Akasema anakiona. Na mimi nilikuwa nimeshafunzwa kule Kivaa nisibishane."

"Na Mwende?"

Akanirudishia kioo. Akachukua ungo wake, akaurusha, makapi yakaruka na upepo, ndengu zikarudi chini.

"Huyo alikaa kwenye kiti changu," akasema, "asiulize kina kazi gani."